Kalamu za Wino za Kifahari: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Hapa Dar

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili maeneo ya Posta. Siku nzima ni kusaini, kushuhudia viapo na kuandika pembeni mwa nyaraka. Mezani pangu kuna kisanduku cha mbao chenye kalamu saba, na haipiti wiki bila mteja au mwenzangu wa kazini kuniuliza jambo juu yake. Maswali ni yale yale, basi nimeyaandika pamoja na majibu. Baadhi ya kalamu ninazozitaja ni zangu, nyingine niliazimwa na marafiki kwa wiki au mwezi. Zote nimezifanyia kazi ya kweli, sikuishia kuchora mistari miwili juu ya kaunta ya duka.

Unaposema "kalamu ya wino" unamaanisha ipi? Mbona hata biki ina wino?

Ni kweli, na ndiyo maana mazungumzo haya huanza kwa kupishana. Shuleni tuliita kalamu ya wino chochote kisicho penseli. Hapa nazungumzia ile yenye nibu, yaani ncha bapa ya chuma au dhahabu iliyopasuliwa katikati, na inayojazwa wino wa maji kutoka kwenye kichupa. Wazee waliosoma miaka ya 50 na 60 wanaijua, maana wengi wao walianzia ile ya kuchovya kwenye kidau.

Biki huviringisha kijipira juu ya karatasi, kwa hiyo lazima uikandamize ndipo iandike. Nibu haitaki kukandamizwa. Wino hushuka wenyewe kupitia ule mpasuko, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, na ukigusa karatasi tu tayari umeandika. Ukilielewa hili, mengine yote yaliyo hapa chini yatakuwa mepesi.

Kwa nini kalamu moja iuzwe kwa bei inayokaribia ya bodaboda mpya?

Nibu ya dhahabu husuguliwa na kukaguliwa kwa mkono, mwili hukerezwa na kung'arishwa, na pistoni ya ndani, ile inayofyonza wino, inatakiwa ifanye kazi miaka arobaini bila kuvuja. Hiyo ni sehemu moja ya bei. Sehemu nyingine ni jina, na sitakuficha. Nyota nyeupe, alama ya kampuni ya Montblanc, ina bei yake hata kabla hujaandika herufi ya kwanza.

Watu husema kalamu fulani ina "mguso" mzuri. Mguso wenyewe ni nini?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo kalamu mbili za bei moja zinapoachana kabisa.

Anza na ncha. Mwisho kabisa wa nibu kuna kipunje cha metali ngumu kuliko dhahabu, kilichochomelewa hapo ili nibu isilike. Umbo la kipunje hicho ndilo linaloongea na karatasi. Kikiwa cha mviringo na kimelainishwa sana, kalamu huteleza kama kidole chenye mafuta ya nazi juu ya kigae. Kalamu nyingi za Pelikan, kampuni ya Kijerumani, ziko hivyo. Kikiwa kimeachiwa ukavu kidogo, unaihisi karatasi ikikunong'oneza chini ya mkono, kama unaandika kwa penseli iliyochongwa vizuri. Kalamu za Aurora za Turin, Italia, na Sailor za Japani zinajulikana kwa mnong'ono huo. Si kukwaruza. Kukwaruza ni pale mabawa mawili ya nibu, yaani pande mbili za ule mpasuko, yanapokuwa hayako sawa na ncha inachimba karatasi. Huo ni ubovu, na haupaswi kuuvumilia hata kama kalamu umepewa bure.

Halafu kuna wingi wa wino. Kalamu inayotoa wino mwingi huhisi laini zaidi kwa sababu nibu inaelea juu ya utando wa maji. Kuna watu wanaisifia nibu wakati kinachowafurahisha hasa ni wino.

Kisha uzito, na muhimu zaidi, uzito huo umekaa wapi. Kalamu ya gramu 30 iliyoelemea mbele haichoshi mkono kama ya gramu 25 iliyoelemea nyuma, ambayo inakuvuta kuelekea kwenye bega nawe unapambana nayo bila kujua.

Mwisho ni mahali vidole vinaposhika. Pana unene gani? Je, pale kwenye hesi za kufungia kifuniko pana kingo kali zinazokata kidole cha kati? Picha za mtandaoni hazikuonyeshi kingo hizo. Nina rafiki aliyeuza kalamu nzuri ajabu baada ya wiki mbili kwa sababu ya kingo hizo tu.

Kati ya Montblanc 149 na Pelikan M800, ipi bora?

Jumamosi moja ofisi ikiwa kimya nilizijaza zote mbili wino ule ule wa bluu, nikanakili hati ya kiapo ya kurasa tatu kwa kila moja.

149 ilianza kutengenezwa mwaka 1952 na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo: nyeusi tii, tumbo nene la milimita kama 15, miisho ya mviringo kama sigara, pete tatu za rangi ya dhahabu kwenye kifuniko. Nibu yake ni kubwa kama ukucha wa kidole gumba na imechorwa 4810, kipimo cha zamani cha urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita. Ukiiangalia unadhani itakuwa nzito, lakini ni kama gramu 30 tu kwa sababu mwili wake ni rezini, aina ya plastiki ngumu. Kwa ukubwa ule, inahisi nyepesi. Vidole vinafunguka, mkono unalegea, na mwandiko wangu ulianza kukua wenyewe. Kufikia ukurasa wa pili mistari ilikuwa inagusana. Ni kalamu inayotaka nafasi.

M800 ya mwaka 1987 ni nyembamba kiasi, ina uzito unaokaribiana na huo, lakini ndani yake pistoni ina sehemu za shaba nyeupe, kwa hiyo nyuma kuna uzito unaousikia wazi. Ukichomeka kifuniko nyuma unapoandika, inalala kuelekea kwenye bega. Mimi nakiacha kifuniko mezani, na hapo inatulia sawasawa kwenye ule mkunjo kati ya kidole gumba na cha shahada. Mistari yake ya kijani na nyeusi inapitisha mwanga, basi ukiinua kuelekea dirishani unauona wino uliobaki ukipanda na kushuka. Kibanio chake kimetengenezwa kama mdomo wa mwari, ndege mwenye jina la kampuni. Niliishika miezi miwili kabla ya kuligundua hilo, na sasa siwezi kuacha kuliona.

Kuna tofauti nyingine ya maana sana kwa mtu wa Dar: nibu ya Pelikan inafunguliwa kwa vidole. Unaizungusha, inatoka pamoja na ulimi wake, kile kipande cha chini kinachoiletea wino, unaisuuza chini ya bomba, unairudisha. Nibu ya 149 inahitaji kifaa maalumu, na ukiilazimisha unaweza kuivunja. Mahali ambapo kalamu ikisumbua itabidi isafiri nje ya nchi, jambo hilo si dogo.

Kwa kazi ya siku nzima nachagua M800 bila kusita. Kwa kusaini mkataba mbele ya watu, 149 ina haiba ambayo sijaiona kwenye kalamu nyingine yoyote.

Na M1000?

Ni kaka mkubwa wa M800, ya mwaka 1997. Nibu yake ni laini, inainama ukiigusa na kurudi, na inamwaga wino kwa ukarimu mkubwa. Kwenye karatasi nzuri ni raha isiyoelezeka. Kwenye karatasi yetu ya fotokopi, herufi "e" na "a" zinajaa tumbo na kuwa madoa.

Kalamu za Japani zinatofautianaje na za Ulaya?

Jambo la kwanza utakaloliona ni unene wa mstari. Nibu ya Kijapani iliyoandikwa M (ya unene wa wastani) huandika karibu sawa na F (nyembamba) ya Kijerumani. Wenzetu wale huandika herufi zenye vijistari vingi ndani ya nafasi ndogo, kwa hiyo nibu zao zilikua kuelekea wembamba. Mtu aliyezoea Pelikan akinunua Sailor yenye nibu F anaweza kudhani ameuziwa sindano.

Jambo la pili ni tabia. Sailor, kampuni iliyoanza mwaka 1911 mkoani Hiroshima, hutumia dhahabu ya karati 21 kwenye nibu zake nyingi. Watu husikia karati 21 wakadhani itakuwa laini kama udongo, lakini nibu za kawaida za Sailor ni imara, na zina ule mnong'ono wa penseli niliousema. Ukipenda kuisikia karatasi utaipenda Sailor. Ukipenda kuteleza utairudisha.

Platinum ni kampuni nyingine ya Japani, na kalamu yake ya 3776 imepewa namba ya urefu wa Mlima Fuji. (Sisi tunaoishi nchi yenye mlima wa mita 5,895, ningefurahi siku moja kuona namba hiyo kwenye nibu.) Kifuniko cha 3776 Century kina springi ndani yake inayoziba nibu isipate hewa, na kampuni inasema wino hautakauka hata kalamu ikikaa miaka miwili. Mimi niliacha yangu droo miezi minne, nikaifungua, ikaandika kwa herufi ya kwanza. Kwa mtu mwenye kalamu nyingi na mikono miwili tu, huu ni ubora ambao hauonekani kwenye picha.

Pilot, iliyoanza mwaka 1918, naiona katikati: haitelezi kupita kiasi, hainong'oni kupita kiasi. Custom 823 yao hufyonza wino kwa mpigo mmoja wa fimbo ya nyuma na hubeba wino wa kutosha wiki nzima ya viapo. Capless, ya mwaka 1963, haina kifuniko kabisa: unabonyeza nyuma kama biki na nibu inachomoza. Lakini kibanio chake kiko mbele, pale pale vidole vinaposhika. Kuna wanaosema kinawaongoza, kuna wanaosema kinawakera. Huwezi kujua uko upande gani mpaka uishike.

Kwa muundo, Ulaya hupenda kukuonyesha chuma na mapambo, na Japani mara nyingi huficha. Sailor au Pilot nyeusi yenye pete za dhahabu inaweza kupita mezani bila mtu kuuliza. 149 haipiti.

Lamy 2000 haionekani ya kifahari. Kwa nini inasifiwa?

Ilibuniwa na Gerd A. Müller na kutoka mwaka 1966, na ukiiona leo utadhani imechorwa mwaka jana. Mwili ni plastiki ngumu iitwayo Makrolon, imesuguliwa ikabaki na mikwaruzo myembamba inayofuata urefu wa kalamu, kama mbao iliyopigwa msasa. Hakuna pete wala mstari unaoonekana. Kiungo cha pistoni nyuma kimefungwa kwa ustadi hadi ukipitisha ukucha huoni pa kuingia. Nibu ya dhahabu imefichwa karibu yote.

Mkononi inakuwa vuguvugu haraka na haitelezi kwa jasho. Kwa hali ya hewa yetu, ni mojawapo ya kalamu zilizofikiriwa vizuri kuliko zote nilizoshika. Tatizo lake ni moja: ncha ina pembe yake inayoipenda, na ukiigeuza kidogo tu inakataa kuandika. Anayezungusha kalamu vidoleni akiandika atateseka nayo.

Ni kweli kuna kalamu iliyotengenezwa kwa lava ya volkano?

Ni kweli. Visconti ya Florence huchanganya unga wa lava ya Mlima Etna na rezini, wakapata kitu cheusi kisichong'aa, kinachoshikika kama jiwe la kusugulia miguu lililolainishwa. Jina lake ni Homo Sapiens. Inazidi gramu 40, unaisikia hasa. Niliazimwa moja mwezi wa Februari, wakati joto la Dar halina huruma, na haikuwahi kuteleza kwenye vidole vyenye jasho. Kifuniko chake hufungwa kwa robo ya mzunguko kwa ndoano, huna haja ya kuzungusha hesi. Nibu zilitofautiana, hata hivyo: ile niliyoazimwa ilikuwa tamu, ya pili niliyoijaribu ilikuwa inaruka mistari. Kwa bei ile, nadhani mnunuzi alistahili zaidi.

Seluloidi, ebonaiti, urushi: vina tofauti gani mkononi?

Seluloidi ni plastiki ya zamani inayotengenezwa kwa kutumia kafuri. OMAS ya Bologna, iliyofungwa mwaka 2016, ilikuwa bingwa wa seluloidi, na kalamu zao za pande kumi na mbili ni kati ya maumbo mazuri niliyowahi kuyaona. Rafiki yangu alipofungua yake mbele yangu mara ya kwanza, harufu ya kafuri ilinijia puani na moja kwa moja nikawaza msiba. Sisi kafuri tunaijua kwenye kuoshea maiti. Ilinichukua siku kadhaa kuizoea. Lakini rangi zake zina kina kama maji ya bahari saa nne asubuhi, na mkononi ni laini bila ubaridi. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, maana seluloidi haipatani kabisa na joto kali.

Ebonaiti ni mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu. Ni ya joto na nyepesi, na vidole huipenda mara moja. Jua na unyevu huipausha ikawa kahawia yenye ukijani. Kwa hiyo usiiweke dirishani, wala usiiloweke majini.

Urushi ni utomvu wa mti unaopakwa tabaka juu ya tabaka, mara nyingi juu ya ebonaiti, kazi ya majuma hadi miezi. Ajabu ya utomvu huu ni kwamba ili ukauke na kuwa mgumu unahitaji unyevu hewani. Mafundi wa Japani hulaza kalamu ndani ya makabati yenye unyevu kusudi. Nilipolisikia hilo nikafikiria Dar ya mwezi wa nne, nguo kwenye kamba siku mbili hazikauki, na kwa mara ya kwanza nikaona faida ya unyevu wetu. Namiki, jina la kalamu za kifahari za Pilot, hupamba urushi kwa unga wa dhahabu kwa ufundi uitwao maki-e. Ukipitisha kidole unahisi picha imeinuka kidogo.

Mpingo wetu je, haufai?

Unafaa sana. Mafundi wa kalamu wa nchi nyingi hutumia mpingo, kama vile watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya wanavyoutumia. Mimi nilimpelekea fundi mmoja wa Mwenge kipande cha mpingo na nibu ya chuma ya Kijerumani, akanikerezea mwili wake. Kuutoboa kulimla patasi mbili na siku tatu. Ulipotoka ulikuwa mweusi wenye michirizi ya zambarau iliyokoza, mzito (mpingo huzama majini), wa baridi dakika ya kwanza kisha unachukua joto la mkono na kukaa nalo. Haujateleza hata siku moja.

Ila mbao isiguswe na wino moja kwa moja, itafyonza na kupasuka. Ndani yake weka kipampu kidogo cha kufyonzea, au katriji, yaani kijichupa cha plastiki kinachouzwa kikiwa na wino.

Kwa hali ya hewa ya Dar, kalamu hizi hazivuji?

Kalamu nzima haivuji kwa joto la kawaida la ofisi. Inayovuja ni kalamu iliyojaa nusu na kuachwa kwenye mabadiliko ya joto au hewa, kwa sababu hewa iliyo ndani hutanuka na kuusukuma wino nje. Ndege ndiyo mtihani mkubwa. Niliwahi kuruka kwenda Mwanza na kalamu iliyobaki na wino robo mfukoni mwa kaunda suti ya kijivu. Tulipotua doa lilikuwa limefika mbavuni, na suti ile nilishonewa kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Sasa kabla ya safari naijaza hadi juu au naimwaga yote, na naibeba nibu ikitazama juu.

Tatizo letu la kila siku ni jingine. Unyevu hufanya wino uchelewe kukauka kwenye karatasi, na kiganja chenye jasho kinaupaka. Weka karatasi chakavu chini ya kiganja. Wakati huo huo, pangaboi likiwa juu ya kichwa chako, nibu iliyoachwa wazi dakika chache inakauka. Parker 51, iliyotoka mwaka 1941, ilifunika nibu yake karibu yote ndani ya mwili wa kalamu, na chini ya pangaboi naikuta bado inaandika wakati nyingine zimeshagoma.

Nitumie wino na karatasi gani?

Kaunta buku hutofautiana mno. Kuna zinazopokea wino vizuri kabisa, na kuna ambazo wino unatambaa kama mizizi. Dondosha herufi tatu kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kununua dazeni, muuzaji akikuruhusu. Kwa karatasi ya fotokopi ya gramu 80, nibu F ya Kijapani ndiyo salama yako.

Kuhusu wino, wa bluu wa Waterman, Pelikan 4001 na Quink ya Parker ni wa kuaminika na husafishika kwa maji. Lakini sikiliza, hasa wewe unayesaini nyaraka: bluu ile ya kifalme imetengenezwa iweze kufutika. Hati ikilowa, sahihi yako inaondoka. Kwa mikataba tumia wino wenye madini ya chuma, kama ule wa bluu-nyeusi wa Pelikan au Platinum, ambao huingia kwenye karatasi na kuwa mweusi zaidi kadiri siku zinavyopita. Usiuache ukaukie ndani ya kalamu.

Na tafadhali, usijaze wino wa mhuri. Nimeletewa kalamu mbili zilizojazwa wino wa mhuri. Moja haikupona.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitaweza?

Utaweza. Chagua nibu nyembamba yenye kipunje cha mviringo na wino unaokauka haraka. Achana na nibu zilizokatwa bapa mpaka uzoee.

Nibu ya dhahabu ni lazima? Na sonara atainunua?

Si lazima. Nibu ya chuma iliyosuguliwa vizuri inaishinda ya dhahabu iliyosuguliwa vibaya. Dhahabu haipati kutu hata kwa wino mkali, na ikitengenezwa nyembamba inakuwa na mrudisho mtamu, yaani inainama kidogo na kurudi. Karati 14 mara nyingi ina mrudisho kuliko 18, kwa hiyo usidhani karati nyingi ndiyo ubora. Sonara atakuambia dhahabu iliyomo ni kidogo mno. Thamani ya nibu ni kuandika.

Matoleo maalumu yanapanda bei? Ninunue kama akiba?

Mengine yamepanda. Montblanc mwaka 1992 walitoa Lorenzo de' Medici ya fedha, vipande 4,810, na mwaka huo huo Hemingway, yenye mwili wa rangi ya machungwa na kifuniko cha kahawia. Zote mbili zinatafutwa hadi leo. Lakini nyingi hubaki zilipo, na nyingine hushuka siku unapofungua sanduku.

Mimi hupima toleo maalumu kwa kuuliza kama kalamu inafanana na anayekumbukwa. Mwaka 2009 Montblanc walitoa kalamu ya Mahatma Gandhi, vipande 241 vya dhahabu, kwa kukumbuka maili 241 za matembezi yake ya chumvi. Mtu aliyesokota pamba yake mwenyewe. Watu walilalamika India hadi mahakamani, na mwaka 2010 kampuni ikasitisha mauzo huko. Naamini walalamikaji walikuwa na haki.

Nimeletewa Montblanc kwa bei poa Kariakoo. Nitajuaje kama ni feki?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikiwa imekufuata yenyewe kwenye foleni, ni feki. Kama bado una shaka, zungusha nyuma ya 149: lazima kuwe na pistoni. Feki nyingi zina katriji ndani. Angalia namba kwenye pete ya kibanio, na angalia nyota kama imezamishwa sawasawa bila kingo. Kisha mulika mwili kwa tochi kali: rezini halisi mara nyingi huonyesha wekundu wa damu ya mzee. Feki inabaki nyeusi.

Kalamu ikianguka na nibu ikapinda, nampelekea nani?

Yangu ilianguka sakafuni, terazo, nibu chini. Ncha ilikunjwa juu kama mdomo wa ndege. Nilinunua lenzi ya jichoni kwa fundi saa, nikakaa karibu na dirisha jioni tatu mfululizo nikiinyoosha kwa ukucha, kidogo kidogo, nikiangalia mabawa mawili yakikaribiana. Inaandika, ingawa si kama zamani. Kama ya kwako ni ya gharama, usijaribu. Itume kwa mtengenezaji, bima ikiwa imelipwa.

Watu wakiniomba kalamu wasaini, niwape?

Hapana. Mkono uliozoea biki hukandamiza, na nibu hufunguka mabawa. Weka biki pembeni, mpe hiyo kwa heshima.

Nianze na ipi?

Usianze na 149. Anza na Lamy Safari au Pilot ya bei ndogo yenye nibu ya chuma, andika nayo miezi sita, ujue kama unapenda mstari mnene au mwembamba, kuteleza au mnong'ono, mwili mnene au mwembamba. Kisha Platinum 3776 au Pilot Custom 74. Ukifika hapo utajua mwenyewe unachokikosa, na pesa yako haitapotea.

Kama uko jirani na unataka kulinganisha kabla ya kununua, njoo na karatasi unayoitumia kila siku, ile ile ya kazini kwako, na unawe mikono mafuta yote yatoke. Baada ya saa tisa wateja hupungua, na kalamu zote saba zitakuwa zimejazwa.